Abdulrahman Mohamed Babu na Madaraka ya Kuazima: Maisha ya Mkomunisti wa Visiwani Yakitazamwa kutoka Mwera ya Pangani

Abdulrahman Mohamed Babu alizaliwa Unguja tarehe 22 Septemba 1924 na akafariki London tarehe 5 Agosti 1996. Katika miaka hiyo 71 alikuwa karani wa karafuu, katibu mkuu wa chama cha siasa, mfungwa wa Waingereza, mwanzilishi wa chama kingine, waziri wa mambo ya nje wa jamhuri iliyodumu siku mia moja na kitu, waziri wa Serikali ya Muungano kwa karibu miaka minane, mahabusi wa serikali hiyohiyo, mhukumiwa wa kifo, mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani, na mwandishi uhamishoni. Maandishi mengi juu yake yamefuata ngazi hizo za vyeo. Wanadiplomasia wa Magharibi wa miaka ya 1960 walimwona kuwa mtu wa Beijing tu. Wafuasi wake wamemwona kuwa mwanamapinduzi aliyesalitiwa. Wapinzani wake wa Visiwani, kwa upande wao, hawajaacha kumwita mtu aliyekiua chama chake cha kwanza.

Makala hii inamtazama kutoka mahali ambapo wasifu wake hautajwi kwa kawaida, yaani Mwera, katika wilaya ya Pangani, kusini mwa mto. (Ipo Mwera nyingine, ya Unguja, katika Wilaya ya Kati, na msomaji wa nyaraka za pwani hana budi kuwa mwangalifu, kwa kuwa majina ya vijiji vya mrima na vya visiwani yanajirudia.) Hoja yake ni kwamba Babu aliufahamu kwa undani uchumi uliomzaa mfanyakazi wa Mwera, lakini hakuwahi kuwa na chama kilichomfikia mfanyakazi huyo. Kila cheo alichoshika alikishika kwa ridhaa ya mtu mwingine mwenye wafuasi wake, na kila alipoondolewa ridhaa hiyo hapakuwa na umati wa kumrudisha. Tatizo hilo ndilo linaloyaunganisha maisha yake yote, kuliko itikadi aliyoifuata au mji mkuu wa kigeni aliodaiwa kuutumikia.

Neno mkomunisti linahitaji kauli moja. Zanzibar haikuwa na chama cha kikomunisti kilichosajiliwa kwa jina hilo, na Babu mwenyewe alijitambulisha kuwa Mmaksi. Watu wa mitaani waliwaita yeye na wenzake makomredi, na jina hilo limedumu hadi leo katika mazungumzo ya wazee wa mjini.

Mkonge na karafuu

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliingiza miche ya mkonge Afrika Mashariki. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika, ikapandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa mto Pangani. Kutokana na mwanzo huo mdogo, ukanda wote kuanzia Kikogwe, Mwera na Sakura kusini mwa mto hadi Kigombe, Muheza na Korogwe kaskazini na bara ulifunikwa na mashamba makubwa. Wenyeji wa pwani hawakupenda kazi ya kukata mkonge, nao walikuwa na bahari, minazi na mashamba yao ya chakula. Kwa hiyo wenye mashamba waliagiza watu kutoka mbali: Songea, Kigoma, Burundi na upande wa Msumbiji. Kuanzia 1944 kazi ya kuwakusanya iliratibiwa na shirika la wenye mashamba lililojulikana kwa jina la SILABU, na waliokusanywa wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Manamba alifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hakukamilisha kipimo chake cha mafungu ya majani haikuandikwa.

Singa iliyotoka kwenye korona ilianikwa, ikapigwa brashi, ikafungwa marobota, ikapakiwa melini. Hakuna aliyeihitaji Mwera. Kijiji kilichozalisha kamba za kufungia mizigo ya dunia kilinunua kila kitu kingine dukani, kuanzia jembe hadi shuka.

Ng'ambo ya mkondo, Unguja na Pemba zilikuwa na sura hiyohiyo kwa zao jingine. Karafuu nazo hazikuliwa na mchumaji wake, na wachumaji wa msimu nao walitoka kwingine, wengi wao bara. Babu aliingia katika uchumi huo kupitia meza ya ofisi. Katika miaka ya 1940 aliajiriwa kuwa karani katika Chama cha Wakulima wa Karafuu, chombo ambacho kilisimamia ununuzi na uuzaji wa zao hilo. Yeye hakuchuma. Aliandika uzito, bei na malipo. Ni vigumu kuyasoma maandishi yake ya baadaye kuhusu nchi zinazozalisha zisichokitumia na kutumia zisichokizalisha bila kuiona meza hiyo ya ukarani, ingawa si busara kudai kwamba nadharia nzima ilitoka hapo. Sehemu kubwa ilitoka London, alikokwenda mwaka 1951 kusoma na kufanya kazi, na alikojiunga na harakati za kupinga ukoloni pamoja na wanafunzi wa makoloni mengine.

Kutoka Hizbu hadi Umma

Aliporejea mwaka 1957 alifanywa katibu mkuu wa Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu. Kilikuwa chama chenye viongozi wa tabaka la wenye mashamba na wafuasi wa aina nyingi, na Babu alikipatia mambo kiliyokuwa hakina: matawi, umoja wa vijana, vyama vya wafanyakazi wa mjini na bandarini, pamoja na mawasiliano na Cairo, Accra na Beijing. Aliendesha pia jarida la habari na alikuwa mwakilishi wa shirika la habari la China. Vijana aliowapeleka masomoni na mafunzoni ng'ambo, wakiwamo waliokwenda Cuba, walimfahamu yeye kwanza na chama baadaye.

Hapa ndipo tatizo la kuazima linapoonekana kwa mara ya kwanza. Mashine ya Hizbu ilikuwa ya Babu, lakini kura za Hizbu hazikuwa zake. Mwaka 1962 Waingereza walimfunga kwa kosa la uchochezi, na alipotoka mwaka 1963 aliukuta uongozi wa chama ukiwa umejipanga kwa uchaguzi bila kumhitaji. Mvutano ulihusu uteuzi wa wagombea na, zaidi ya hapo, ulihusu kama chama kiendelee kuegemea ukabila wa Visiwani. Babu alijiuzulu na kuanzisha Umma Party. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi Party kilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, serikali ikabaki kwa muungano wa Hizbu na ZPPP. Umma hakikuwa na kiti hata kimoja.

Umma kilikuwa chama cha watu wachache waliosoma, waliojipanga vizuri, wenye wafuasi kati ya vijana na wafanyakazi wa mji. Kilikuwa na faida moja ambayo vyama vikubwa havikuwa nayo: ndani yake Mwarabu, Mngazija, Mshirazi na mtu wa bara waliweza kukaa meza moja bila kuulizana nasaba. Babu mwenyewe, mwenye asili ya Kingazija na Kiarabu, alikuwa mfano wa jambo hilo. Hata hivyo, mashamba ya karafuu hayakuwa ya Umma. Wachumaji na wakulima maskini walikuwa na Afro-Shirazi au na ZPPP, na wahamiaji kutoka bara walikuwa karibu wote na Afro-Shirazi. Chama cha Kimaksi kilikuwa na wasomi wake, kikakosa wavujajasho kiliowasemea.

Januari 1964 na swali la Sakura

Uhuru ulitangazwa tarehe 10 Desemba 1963. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali mpya ilikipiga marufuku Umma, na Babu akavuka kwenda Dar es Salaam. Mapinduzi ya usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari yalifanyika akiwa huko. Vijana wa Umma waliokuwa Unguja, baadhi yao wakiwa na mafunzo ya Cuba, waliingia katika mapambano saa zile za mwanzo, na Babu aliporejea alipewa wizara ya mambo ya nje katika serikali ya Abeid Amani Karume.

Mjadala kuhusu nani aliyefanya Mapinduzi haujawahi kutulia. Mchango wa Babu mwenyewe umo katika sura aliyoiandika kwa ajili ya kitabu cha historia ya Zanzibar kilichohaririwa na Abdul Sheriff na Ed Ferguson mwaka 1991. Humo anauliza kama tukio lile lilikuwa la lumpeni, yaani watu wa mjini wasio na kazi maalumu wala mpango, au la kikosi cha mbele chenye dira. Jibu lake ni kwamba lilianza kama fujo ya kundi la kwanza, na makada wa Umma wakaligeuza kuwa mapinduzi kwa kuzuia maangamizi zaidi na kuteka sehemu muhimu.

Sura hiyo imeandikwa kwa ustadi, lakini ina pengo, na pengo hilo liko Pangani. Mwaka 2010 Harith Ghassany alichapisha kitabu cha Kiswahili kilichokusanya masimulizi ya wazee wa pande zote mbili za mkondo. Kwa mujibu wa baadhi ya masimulizi hayo, wakata mkonge wa shamba la Sakura, wengi wao Wamakonde, walikusanywa na kuvushwa kwa majahazi kutoka Kipumbwi kwenda Unguja kabla ya Mapinduzi. Ushahidi huo ni wa mdomo, umetolewa miaka zaidi ya 40 baada ya tukio, na baadhi ya wanahistoria wanautilia shaka. Makala hii haiuchukui kuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa. Lakini kwa mtu anayeijua jiografia ya pwani hii hauna kioja chochote: Kipumbwi ni bandari ndogo ambayo vyombo vyake vimezoea kuvuka kwenda Mkokotoni, na manamba wa Sakura na Mwera walikuwa wanaume wengi, wasio na familia, waliokaa makambini, waliozoea kuhesabiwa na kusafirishwa.

Hata masimulizi hayo yakipunguzwa hadi nusu, yanaigusa hoja ya Babu mahali pake dhaifu. Mkata mkonge si lumpeni. Ana kazi, ana kipande, na kwa miaka kadhaa kabla ya 1964 alikuwa na chama cha wafanyakazi wa mashamba chenye nguvu, chama kilichoendesha migomo mirefu kama ule wa Mazinde mwaka 1958. Kwa vipimo vya Kimaksi alikuwa mfanyakazi wa ujira kuliko karani yeyote wa mjini Unguja. Mgawanyo wa Babu wa lumpeni kwa upande mmoja na kikosi cha mbele kwa upande wa pili haumpi mtu huyu nafasi. Anapotea si kwa sababu Babu alimdharau, bali kwa sababu Umma hakikuwahi kuvuka kwenda kwake. Waliomjua manamba walikuwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, na hao serikali ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza kuwabana: Victor Mkello, aliyeongoza chama cha wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali Januari 1963, na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 vyama huru vilivunjwa, mahali pake pakawekwa NUTA. Karibu wakati huohuo ambao Babu alipata uwaziri, mfanyakazi wa Mwera alipoteza chama chake. Hakuna maandishi yake ya wakati huo yanayoonyesha kwamba aliyaunganisha matukio hayo mawili.

Waziri asiye na chama

Mapema mwaka 1964 Umma kilijivunja na kuingia Afro-Shirazi. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipokamilishwa tarehe 26 Aprili, Babu alikuwa safarini Asia. Alihamishiwa Dar es Salaam pamoja na wenzake kadhaa, na mara nyingi imesemwa kwamba hiyo ilikuwa mojawapo ya faida ambazo Karume alizipata katika Muungano.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mwanga mwingi wa nje. Babu alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya Beijing, njia iliyoleta mkataba wa urafiki wa Februari 1965, ziara ya Zhou Enlai Juni mwaka huohuo, na hatimaye reli ya TAZARA ya kilomita 1,860. Desemba 1964 alihutubia Harlem kwa mwaliko wa Malcolm X. Mambo haya yameandikwa sana na hayahitaji kurudiwa.

Kilichoandikwa kidogo ni kazi yake ya uchumi, hasa alipokuwa katika wizara za biashara na, kuanzia 1970, mipango ya maendeleo. Mkonge ndio uliokuwa mtihani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Kisha bei iliporomoka, nyuzi za viwandani zikaanza kuchukua nafasi ya singa, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Umiliki ulibadilika, lakini zao halikubadilika, wala soko, wala kipande. Mashamba ya pwani ya Tanga yaliendelea kuzalisha kwa ajili ya meli.

Desemba 1971, akiwa bado waziri wa mipango, Babu aliandika neno la mwisho la kitabu maarufu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapishwa London na Dar es Salaam mwaka 1972. Alisema humo kwamba nchi za Afrika hazitaendelea zikibaki ndani ya mfumo wa dunia uliozidumaza. Waziri aliyesimamia mpango wa kuuza nje aliandika dhidi ya uchumi wa kuuza nje. Inawezekana kumwita mnafiki. Inaelekea zaidi kwamba alikuwa ameshindwa hoja ndani ya baraza na akaamua kuiweka penye msomaji. Februari 1972 Nyerere alimwondoa katika uwaziri. Hakuna mkutano wa hadhara uliofanyika kumtetea, na haungeweza kufanyika, kwa kuwa hakuwa na tawi wala kadi ya chama iliyokuwa yake.

Liko deni zito zaidi katika kipindi hiki. Mwaka 1969 Abdulla Kassim Hanga, msomi wa Moscow na aliyekuwa makamu wa rais wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, pamoja na Othman Shariff, walikabidhiwa Zanzibar kutoka Tanzania Bara na hawakuonekana tena. Babu alikuwa ndani ya baraza la mawaziri. Hakujiuzulu. Watetezi wake husema kwamba asingeweza kuwaokoa, na huenda ni kweli. Lakini hoja hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba uwaziri wake haukuwa na uzito wa kutosha hata kumlinda mtu mmoja.

Kizuizini, kitabu na miaka ya mwisho

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Babu na wanachama wengi wa zamani wa Umma walikamatwa. Waliokuwa Zanzibar walishtakiwa mbele ya mahakama zilizokuwa zimeondoa mawakili, na maungamo yaliyotolewa humo yalilalamikiwa kuwa yamepatikana kwa mateso. Mwaka 1974 Babu alihukumiwa kifo bila ya yeye kuwapo. Nyerere alikataa kumkabidhi, lakini pia hakumshtaki wala kumwachia: alimweka kizuizini Bara, bila kesi, hadi Aprili 1978. Kukataa huko ndiko kulikomwokoa asifikwe na yaliyomfika Hanga. Maisha yake nayo yalikuwa yameazimwa kwa mtu mmoja.

Kizuizini aliandaa kitabu kilichotoka London mwaka 1981, kinachouliza kama bara linahitaji ujamaa wa Kiafrika au Afrika ya kijamaa. Hoja yake ya msingi ni kwamba ujamaa wa vijiji na mashirika ya umma uliacha mhimili wa uchumi wa kikoloni mahali pake. Nchi ianze na chakula, mavazi na nyumba za watu wake, alisema, na ijenge viwanda vya msingi vya kutengeneza zana, halafu ndipo iuze ziada. Msomaji anayetoka Mwera ataitambua picha hiyo mara moja. Mkonge uliotaifishwa na usiopata bei ulikufa shambani, majani yakazidi kimo, makambi yakabaki na wazee ambao hawakuwa na nauli ya kurudi Songea wala Msumbiji, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa umeanguka hadi sehemu ndogo ya ule wa 1964. Uchambuzi ulikuwa sahihi. Kuhusu nani angeutekeleza, kitabu kinazungumzia chama cha wafanyakazi na wakulima kwa jumla, bila kusema kingeanzia shamba gani, wala kilikosekana kwa nini wakati mwandishi alipokuwa serikalini.

Alifundisha San Francisco na Amherst, kisha akahamia London, ambako aliandika makala nyingi kwa magazeti na kuwapokea vijana wa Afrika Mashariki nyumbani kwake. Katika uandishi huo wa mwisho mkazo wake ulihamia kwenye haki za raia, mahakama na uhuru wa vyama, mambo ambayo Wamaksi wengi wa kizazi chake waliyaona kuwa ya mabepari. Kizuizi cha miaka sita bila kesi kilikuwa kimemfundisha kuhusu sheria mambo ambayo uwaziri haukumfundisha. Mwaka 1994 alishiriki Kongamano la Saba la Umajumui wa Afrika mjini Kampala.

Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja, alirejea Tanzania na kutajwa kuwa mgombea mwenza wa Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Mrema hakuwa Mmaksi. Alikuwa waziri wa zamani wa mambo ya ndani aliyependwa mno na watu wa mijini. Kwa mara nyingine Babu alikwenda palipokuwa na umati wa mtu mwingine. Jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Mwaka uliofuata alifariki London, na mwili wake ukaletwa kuzikwa Zanzibar, umbali wa mkondo mmoja tu kutoka Kipumbwi.